Njia ya Wasiosimama

Fundi alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya karakana, mita imelala pajani, akipima swichi ya breki ya pikipiki ya umeme ya muuza maziwa. Swichi ilikuwa imekufa. Aliifungua, akatoa kichupa cha rangi ya kucha kwenye mfuko wa ovaroli, akaitia doa jekundu kwenye soketi na kuitupa katika beseni lililokuwa chini ya meza. Huo ulikuwa utaratibu wake na hakufundishwa na mtu. Kifaa kibovu na kipya hufanana kama mapacha, naye hakutaka hata siku moja mkono wake ukosee, uokote maiti, umfungie mteja. Rangi hiyo hiyo alijipaka na vidoleni, maana kichupa kikishafunguliwa hukauka, na yeye si mtu wa kupoteza vitu.

Ndipo mdogo wake alipopita barabarani bila kusimama.

Fundi hakuinua hata kichwa. Huyo alikuwa kitindamimba wa mama yao, mji mzima ulimwita Kitinda, mbeba abiria kwa pikipiki ya umeme, na siku zote alipita pale kwa mwendo wa mtu aliyeacha sufuria motoni. Fundi, dada yake, alinyanyua bisibisi juu kumsalimu, akaendelea na kazi.

Mara ya pili Kitinda alisema huku anapita, "Dada, haizimiki."

Mara ya tatu alikuwa ameshachomoa ufunguo na kuushika kwa meno. Aliutema mlangoni pa karakana. Nyuma yake alikaa abiria mwenye kofia na bahasha ya kaki, naye alisema, bila ukali, kwamba yeye alikuwa anashuka kule nyuma, kwenye ofisi za maji.

Fundi aliokota ufunguo, akaufuta mate kwa kitambaa. Pikipiki kwenda bila ufunguo si jambo la ajabu, swichi huungana ndani kwa kutu na maji ya mvua. Kilichomshtua ni kingine. Jana yake tu Kitinda alikuja akilalamika kwamba pikipiki inasitasita akivuta, na ni yeye, kwa mikono yake, aliyemtolea akseleta ya zamani na kumfungia mpya kutoka stoo.

Bahati ni kwamba barabara kubwa ya mji ilikuwa ya mzunguko. Ilipita mbele ya karakana, ikashuka sokoni, ikavuka daraja, ikapanda hospitali, ikateremka mbele ya shule na kurudi tena karakana, kwa hiyo mtu asiyeweza kusimama angalau alikuwa na mahali pa kwenda. Askari wa makutano alimwangalia Kitinda akipita mara kadhaa, akaelewa. Kuanzia hapo kila alipomwona anakuja alisimamisha magari mengine kwa mkono mmoja, huku mwingine ukiendelea na karanga.

Abiria aliruka mchana, kwenye tuta la mbele ya shule. Aliteguka kifundo cha mguu, basi. Kitinda naye akaruka pale pale alipozunguka tena. Akatua juu ya kiti. Akaruka upande wa pili, kwenye nyasi, akatua juu ya kiti. Amri ya kwenda ilikuwa yake, abiria haikumhusu.

"Usiruke tena," Fundi alimwambia alipopita. "Utaumia bure."

"Nimeshaumia," Kitinda alijibu, na sauti yake ikaenda naye sokoni.

Jioni ikaja na mama yao. Mama aliendesha guta la umeme, la magurudumu matatu, la kubebea mizigo ya sokoni, chombo kizee kilichowekwa akseleta ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani. Alilisogeza ubavuni mwa mwanawe, wakaenda bega kwa bega mpaka darajani.

"Nipe betri," alisema. "Kisichokula hakiendi."

Kitinda alifunua kiti akiwa amesimama kwenye vikanyagio, akachomoa plagi, akaivuta betri na kuisukumia kwenye guta taratibu, kama mtu anayehamisha mtoto aliyelala. Mama akageuza kuelekea nyumbani. Betri ikaegemezwa ukutani sebuleni, karibu na kabati la vyombo, na pikipiki ikaendelea kwenda. Kama kuna kilichobadilika, ni kwamba sasa haikutoa sauti kabisa.

Kesho yake asubuhi Mama alikuja karakana, akakaa juu ya tairi bila kusubiri kukaribishwa. Alikuwa na macho makavu ya mtu ambaye hakulala.

"Nimempelekea mkate na chai," alisema. "Amekula, hana shida na kula. Lakini alipoinama kupokea chupa nimesoma bango la duka la dawa."

"Bango lipo upande gani, Mama?"

"Upande wa pili wake."

"Umelisoma kupitia koti?"

"Kupitia koti, na shati, na yeye mwenyewe. Limeandikwa wanapima sukari."

Fundi aliweka mita chini. Alijua mara moja, na alitamani asingejua. Pikipiki ilipokuwa na betri ilikula betri. Wao wakaiondoa betri, na yenyewe haikuwa imeambiwa ikome, ikageukia kilichokuwepo. Alifunga karakana kwa kamba, wakaenda nyumbani, wakaipakia betri kwenye guta, wakamrudishia Kitinda akiwa anapanda mlima wa hospitali. Kitinda akaichomeka. Mshale wa chaji haukushuka hata kidogo mchana kutwa. Pikipiki haikuigusa, ilikuwa imeshazoea kumla yeye.

"Mtoto anaisha," Mama alisema, kwa sauti ile ile anayosemea sukari ikiisha kwenye kopo. "Na kile kitu umemfungia wewe. Kakifungue."

Fundi alichukua koleo.

Akseleta ya pikipiki hizi ni kitu kidogo, kinakaa ndani ya mshikio wa mkono wa kulia, kinatoka na waya tatu. Mwekundu unaleta umeme, mweusi unaurudisha, na wa kijani unapeleka ujumbe kwenye kontrola, lile boksi la bati chini ya kiti, kwamba mkono umekunja kiasi gani. Mkono ukitulia, wa kijani unapeleka umeme kidogo sana, maana yake simama. Ukikunja mpaka mwisho, unapeleka mwingi. Sasa mweusi ukikatika, umeme unakosa njia ya kurudi, unajazana wote kwenye wa kijani, na kontrola inaamini kuna mtu amekunja mpaka mwisho. Kontrola za bei nzuri hushtuka zikiona hivyo na kuzima. Hizi zilizouzwa mjini pale hazikuwa na tabia ya kuuliza.

Fundi alilala kifudifudi kwenye guta, kifua nje, Mama akiendesha, akanyoosha koleo mpaka chini ya taa ya Kitinda na kukata waya zote tatu. Pikipiki haikupunguza hata mwendo wa kuku.

"Umekata?" Kitinda aliuliza.

"Nimekata."

"Basi ni mimi tu ninayeona bado nakwenda."

Fundi hakucheka. Alikuwa anafikiri, na alipofikiri alikuwa na mazoea ya kuuma kidole gumba. Kukata waya si kusema simama. Kukata waya ni kunyamaza, na kontrola ikinyamaziwa inashika neno la mwisho ililoambiwa. Mtu akiondoka chumbani kwa hasira hajafuta aliyoyasema. Ilihitajika akseleta nzima, iliyotulia, iunganishwe pale pale na kuiambia kontrola kwa umeme mdogo ulio sahihi: mkono umetulia, basi.

Akarudi stoo mbio, akachukua akseleta mpya kwenye mfuko wake wa plastiki, yenye stika ya rangi ya dhahabu. Akaipima mezani. Ikitulia, chini ya volti moja. Ikikunjwa, inapanda vizuri. Akarudi kwenye guta. Kazi ile, ambayo akiwa amekaa angeimaliza kabla chai haijapoa, ilimchukua mzunguko mzima, kwa kuwa pikipiki ilienda mbio, na kila walipofika kwenye tuta Mama alisema "tuta" na wote watatu wakaruka pamoja. Mwishoni alisukuma soketi, ikalia tik.

Kitinda akaongeza mwendo. Guta likabaki nyuma kama limefungwa kamba. Walimwona akipanda mlima wa hospitali, na kupitia mgongoni mwake waliona hospitali.

Fundi alikaa kwenye guta akiwa ameshika mkononi ile akseleta aliyoitoa pamoja na soketi yake iliyokatwa, aliyomfungia mdogo wake siku ile. Aliigeuza. Ndani ya tundu la soketi, pale kitambaa hakifiki, kulikuwa na rangi nyekundu, kidogo, kama damu ya mbu.

Alikumbuka. Aliiona siku ile ile alipokuwa anaifunga. Alidhani ni rangi ya kidole chake mwenyewe, imegusa. Tena aliifuta kwa ovaroli, akijilaumu kwa uchafu, na kumwambia Kitinda, "Tayari, nenda." Sasa aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Kila jioni aliliweka beseni lake mlangoni, likiwa limejaa maiti zenye doa, na kila asubuhi alilikuta tupu, na hakuwahi kuuliza linakwenda wapi. Alijua kutia alama. Kuuliza hakujua.

Stoo aliichungulia rafu yote. Alichana mfuko mmoja mmoja, na safari hii hakupima akseleta zikiwa zimelala, maana meza haitikisiki na ndiyo sababu mezani kila kibovu huonekana kizima. Alipima huku anaukunja waya mweusi pale unapoingia kwenye mshikio. Kila moja, namba za mita zilitulia, zikatulia, kisha zikaruka juu. Chini ya kila stika ya dhahabu alikwangua kwa ukucha, akakuta doa. Mengine yalikuwa ya rangi ya mwaka jana, nyekundu iliyokolea, ambayo madukani waliacha kuiuza. Aliyatambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake.

Tajiri alikuwa nyuma ya karakana anaiosha pikipiki yake. Watu walimwita Tajiri kwa sababu duka lilikuwa lake na karakana ilikuwa yake, na mjini hapakuwa na nyingine ya pikipiki za umeme. Alikuwa mtu mpole, anaosha mpaka spoku kwa mswaki.

"Akseleta za stoo ni zile ninazozitoa mimi," Fundi alisema.

"Zinasafishwa," alisema Tajiri. "Kwa spiriti. Wanazifanyia kazi nzuri sana."

"Ni mbovu."

"Fundi, mbovu ni neno zito." Alisuuza mswaki. "Wewe unaitoa akseleta kwenye pikipiki kwa sababu imegombana na pikipiki ile. Mimi naipa nafasi kwingine. Hata watu tunafanyiana hivyo."

"Na Kitinda?"

"Kitinda namwombea. Na nimefurahi kwamba hajagonga mtu."

Wakati huo huo Kitinda alipita mbele. Kwanza ilifika sauti, "Shikamoo, Tajiri," halafu ndiyo wakaiona pikipiki, na juu yake kitu kama mvuke wa birika wenye koti. Tajiri aliitikia marahaba na kupunga mswaki. Fundi alipiga hesabu. Mzunguko mmoja, labda miwili. Akipita wa tatu kutakuwa na koti tu.

Alitazama pikipiki ya Tajiri. Ilikuwa ya aina ile ile, lakini iliyokuja nzima kutoka kiwandani, na hakuna aliyewahi kuifungua hata skrubu. Alichuchumaa, akachomeka mita, akaukunja waya mweusi, akautikisa, akauvuta. Namba hazikuruka.

"Hiyo ni yangu," Tajiri alisema.

"Najua."

"Fundi, hiyo ni yangu."

Fundi alitoa bisibisi. Tajiri, kwa kuwa hakuwa mtu wa ugomvi, alipanda pikipiki na kukaa juu yake, mikono kwenye mishikio, kama mtoto aliyekataa kushuka bembea. Fundi alifungua skrubu mbili za akseleta. Akamwomba Tajiri anyanyue mkono wa kulia kidogo, na Tajiri, kwa mazoea ya adabu, akanyanyua. Mshikio ukatoka. Akafuata waya mpaka chini ya taa, akabonyeza soketi, akaichomoa.

"Utairudisha," Tajiri alisema, akiwa bado amekaa, mkono wa kulia umeshika chuma kitupu.

"Siirudishi."

Tajiri alifikiri kidogo. "Basi kesho usichelewe," alisema. "Kuna watu wamepanga kuja mapema."

Mama alikuwa ameshaligeuza guta, mguu kwenye akseleta ya cherehani. Ila guta lisingeweza kumfikia Kitinda kwa mwendo ule mpya, na hilo walilijua wote wawili bila kusemezana, kwa hiyo Mama alifanya kile ambacho mtu yeyote aliyebeba mizigo miaka mingi angekifanya. Alipanda mlima wa hospitali mapema, kinyume cha njia, akageuza kileleni, akasubiri. Askari wa makutano alisimamisha magari yote, hata ya wagonjwa, akaweka karanga mfukoni.

"Akifika, nitateremka naye," Mama alisema. "Mteremko wote mpaka shuleni tuko sawa. Baada ya hapo sina mbio."

"Mteremko unatosha."

"Usiseme unatosha. Fanya."

Ile pikipiki ilitokea chini, kimya. Kutoka mbali mtu angedhani inakwenda peke yake, imevaa koti. Mama akaanza kuteremka kabla haijafika, guta likazidi kushika kasi, matairi yakilia, na pikipiki ikaingia ubavuni kama ilivyopangwa, ikawa karibu kiasi kwamba vioo viligusana. Fundi alijitupa kifudifudi. Upepo ulimtoa machozi, au alikuwa analia, hakupata nafasi ya kuchunguza.

"Kitinda. Upo?"

"Nipo, dada." Sauti ilikuwa mbali, kama ya mtu aliye chumba cha pili. "Usiangalie sana huku. Mimi mwenyewe nimeacha kuangalia."

"Shika usukani sawa. Usinitikise."

"Nashika. Ila sioni mikono."

Fundi aliingiza vidole chini ya taa. Soketi ya akseleta mbovu aliijua kwa kugusa, akabonyeza ulimi wake, haukutoka. Vumbi la mzunguko wote ule lilikuwa limeingia. Akabonyeza tena, ukucha ukavunjika mpaka kwenye nyama. Kupitia kifuani kwa mdogo wake aliona ukuta wa shule unakuja, na kwenye ukuta watoto wameandika majina yao.

"Tuta," Mama alisema.

Wakaruka. Wakiwa hewani soketi ya zamani ikachomoka yenyewe. Walipotua Fundi alikuwa ameshaielekeza ile ya Tajiri. Haikukaa. Aliigeuza, akavuta pumzi, akajilazimisha asiharakishe, maana pini zikipinda hapo hakuna nyingine mji mzima, akaitafuta njia yake polepole kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Tik.

Pikipiki ikasimama.

Haikufunga breki wala kuteleza. Ilikuwa inakwenda, na sasa ilikuwa imesimama, mbele ya lango la shule, na guta la Mama likaendelea, na Fundi juu yake, mpaka kwenye mtaro. Mama alitoka mtaroni na kiatu kimoja, akapanda mlima kwa miguu, akafika, akapapasa hewani mpaka akalipata bega la mwanawe, akalishika. Alilia hapo kwa sauti. Kisha akamwambia funga koti, kuna upepo.

Ile akseleta mbovu Fundi aliiweka juu ya ukingo wa barabara, akaiponda kwa jiwe mpaka ikawa unga. Tajiri alipoambiwa alisikitika. Alisema ilikuwa bado na maisha.

Mwili wa Kitinda haukujaa tena, mtu aliendelea kuona upande wa pili. Alikula, alilala, daktari wa hospitali alimpima na kusema hana ugonjwa, akaongeza kwamba mtu kama huyu picha ya mapafu haihitaji mashine. Nyumbani Mama alitundika blanketi la bluu nyuma ya kiti chake, ili wakati wa kula wamwone vizuri. Baada ya muda alirudi barabarani na pikipiki yake yenye akseleta ya Tajiri. Abiria walimpenda kuliko mwanzo, kwa kuwa waliona mbele.

Tajiri aliagiza akseleta yake moja kutoka kiwandani, iliyofungwa na kiwanda, na aliipokea mwenyewe. Stoo haikuguswa. Yule abiria wa bahasha ya kaki alikuja kuulizia kofia yake, akaondoka amenunua pikipiki.

Wengine walianza kupita bila kusimama kabla mwezi haujaisha. Mpeleka dawa, dereva wa walimu, mwanamke wa kuuza vyombo ambaye sufuria zake zililia mji mzima mpaka zikachoka. Fundi aliwaendea na guta la Mama, akawaangalia kwa karibu, akawaeleza ukweli, kwamba anajua tatizo na hana kifaa. Akseleta nzima zilizobaki mjini zilikuwa kwenye pikipiki za watu waliokuwa wanazitumia, na wenyewe walianza kulala nazo ndani. Wasiosimama walimshukuru kwa kuja. Watu wa ofisi ya mji walikutana, wakaona kwamba jambo hili linahitaji utaratibu, wakawatengea njia yao, upande wa kushoto, mzunguko mzima. Tajiri alijitolea rangi ya mistari. Alichagua nyekundu, akisema inaonekana vizuri.

Fundi alirudi kazini. Mama hakumkataza wala hakumsifu. Mita zilikuwa pale, meza ilikuwa pale, na alijiambia kwamba akiwepo, angalau kuna mtu wa kuukunja waya mweusi mbele ya mteja. Alifanya hivyo kwa kila mmoja. Tajiri hakumzuia. Alisema ni vizuri wateja wakielezwa.

Siku moja asubuhi muuza maziwa aliingia na pikipiki yake, makopo yamefungwa nyuma kwa mpira.

"Dada fundi, inasitasita nikivuta."

Fundi alipima. Akseleta ilikuwa imekufa. Aliitia doa, akaitupa kwenye beseni. Akaleta moja kutoka stoo, akachana mfuko, akakwangua stika, akamwonyesha lile doa. Akachomeka mita, akaukunja waya mweusi, akamwonyesha namba zikiruka.

"Umeona?"

"Nimeona," alisema muuza maziwa.

"Si mpya. Hii ni ile ile."

"Kuna nyingine?"

"Hakuna."

Muuza maziwa aligusa makopo yake kuona kama bado yana ubaridi. Jua lilikuwa limeshafika kizingitini. "Basi funga tu, dada," alisema. "Siku hizi si kuna njia yao?"

Fundi hakufunga. Alikaa na ile akseleta mkononi, vidole vimeishika kwa nguvu, na muuza maziwa akasubiri kwa heshima, kisha akavifungua vidole vyake kimoja kimoja, bila kuviumiza, akaichukua. Bisibisi ilikuwa juu ya meza. Skrubu ni mbili tu na soketi ni moja, kazi ambayo amemwona akiifanya mara nyingi. Alipomaliza alitikisa mshikio, ukatulia vizuri. Akapanda.

"Nikipita kesho sijasimama," alisema, "mwambie mama yako asogeze guta apokee maziwa kabla hayajaharibika. Yana watu wake."

"Nitamwambia."

Nje, kwenye mistari myekundu, mwanamke wa vyombo alipita. Kupitia kwake waliona duka la ng'ambo likifungua milango. Muuza maziwa alimpisha, akawasha.

"Nikikuletea maji njiani, unapenda ya baridi au ya kawaida?" Fundi alimuuliza.

"Ya kawaida," alisema muuza maziwa. "Ya baridi yananiuma meno."